Kahuzi wakati wa kiangazi: weka miguu akiba ya kushuka

Ukitoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa barabara ya Kavumu, ukapita Miti na kukata kushoto kuelekea Tshivanga, unaingia kwenye parke, yaani hifadhi ya taifa, ya Kahuzi-Biega. Milima miwili imeipa jina: Kahuzi yenye mita 3,308 na Biega yenye mita 2,790. Kahuzi nimeipanda mara mbili, zote mwezi wa saba. Mara ya kwanza nilishuka nikilia kwa maumivu ya magoti, na ndiyo sababu naandika haya.

Kabla ya viatu, uliza usalama. Parke hii imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997, na sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa kwa nini: ni vita. Uliza walinzi wenyewe, uliza wanaoishi kando ya barabara, na mmoja wao akisema "hapana," rudi nyumbani. Mlima utakungoja. Usiingie msituni bila mwongozaji na walinzi, hata kama rafiki anakuambia anajua njia.

Sasa kiangazi. Kuanzia Juni hadi Agosti mjini tunakula vumbi, na mtu anadhani msitu nao umekauka. Haujakauka. Ukungu unalala juu ya miti usiku kucha, na asubuhi mizizi na mawe yenye kuvu yanateleza kama yamepakwa sabuni. Mimi nilikwenda na raba zilizolika chini kwa sababu mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu. Kupanda nilivumilia. Taabu ilikuja kwenye mianzi, wakati wa kurudi: mteremko mkali, majani makavu ya mianzi yametandazwa juu ya udongo mbichi, na mguu hauoni unachokanyaga. Nikashika mwanzi ulio karibu nijizuie. Ulikuwa umekufa. Ukavunjika mkononi, nikaenda chini kwa makalio mita kadhaa hadi goti lilipogonga shina.

Muzee aliyetuongoza akaninyanyua, akaugonga mwanzi mwingine kwa upande wa panga. "Sikiliza, mwanangu. Wa kijani unajikunja nawe. Wa njano unakuacha." Tangu hapo sishiki mwanzi kabla ya kutazama rangi yake. Akanikatia fimbo, akanifundisha kushuka kwa ubavu, hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo. Kushuka ndiko kunakoumiza, na watu wengi wanamaliza nguvu zote wakishindana kupanda. Kata kucha za vidole vya miguu siku moja kabla. Mimi zangu mbili ziligeuka nyeusi. Suruali iingize ndani ya soksi, maana siafu na majani yanayowasha havijali kiangazi.

Maji beba lita tatu. Chakula kiwe chepesi: ndizi, viazi vilivyochemshwa, karanga. Bugali asubuhi ya kupanda ni mzigo tumboni. Na beba koti, hata kama umetoka mjini ukitokwa jasho. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua digrii 6 hivi, na kileleni uko karibu mita 1,850 juu ya Ziwa Kivu. Ukisimama na shati lililolowa jasho, upepo wa kule juu utakutetemesha.

Mwenye mafua asiende kabisa. Sokwe wakubwa wa msitu huu wanaambukizwa magonjwa yetu, na kikohozi kidogo kwako kinaweza kuwa kifo kwao. Sigara pia iache: vichaka vya kileleni vikikauka vinashika moto haraka.

Wengine wanataka kuunganisha vilele vyote viwili, Kahuzi na Biega, katika safari moja. Siwashauri. Kama hujazoea, anza na Bugulumiza, mlima mdogo ulio ndani ya parke hiyohiyo, usikilize miguu yako inasema nini kesho yake. Kahuzi ipewe siku yake nzima. Huku jua linazama saa kumi na mbili mwaka mzima, na chini ya miti giza linatangulia, kwa hiyo kubalianeni mapema saa ya kugeuka. Yetu ilikuwa saa saba mchana, tumefika au hatujafika.

Jambo moja zaidi, kwa wanaofuata picha. Kiangazi ni msimu wa kuchoma mashamba, na moshi huo ukichanganyika na vumbi unalifunika ziwa. Mara ya kwanza sikuona chochote ila weupe. Mara ya pili tulianza mapema zaidi, tukafika juu baada ya mwendo wa saa nne, tukakaa kwenye mawe tukimenya viazi. Upepo ukafungua upande wa mashariki. Ziwa likaonekana, na kisiwa cha Idjwi katikati yake kama ng'ombe aliyelala. Hakuna aliyesema neno. Kisha muzee akatazama saa yake, akachukua fimbo.

"Saa sita na nusu, wanangu. Tushuke."