Upinde wa Nansio si wa 1953: namna ya kusoma umri wa upinde wa zamani

Mkuu, nimeziangalia picha zako zote. Umesema upinde umeutoa juu ya dari kwenye nyumba ya marehemu babu yako pale Nansio, kwamba aliachiwa na mwalimu wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao, na kwa kuwa ubavuni umeandikwa "Canada 1953", basi una miaka zaidi ya sabini. Wachangiaji watatu wa jukwaa hili wamekubaliana nawe. Mimi sikubali, na naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, maana kosa hilohilo nililifanya mwenyewe.

Mwaka 2011 nilinunua upinde wa Bear, kiwanda cha pinde cha Marekani, kama huo wako, pale Mlango Mmoja, Mwanza. Ulikuwa umeshuka na mzigo wa mitumba, umefungwa pamoja na vyuma vya pazia, na muuzaji alikuwa anauuza kama pambo la ukutani. Niliposoma 1953 sikulala. Wiki ile ile nikamuuzia mgeni mmoja aliyekuwa anakaa Isamilo, kwa bei ya upinde wa 1953. Siku chache baadaye akanipigia na kuniuliza swali moja tu: "Kwenye kishikio pana medali?" Ilikuwepo, ile ndogo ya duara yenye kichwa cha dubu. Akaniambia Bear walianza kutia medali kwenye pinde mwaka 1959. Nilimrudishia pesa yake iliyozidi, na tangu siku hiyo sijapanga tena umri wa upinde kwa kutazama tarakimu peke yake.

Ule mwaka 1953 ni wa hataza, yaani haki ya uvumbuzi. Angalia picha yako ya pili, kabla ya neno Canada kuna namba 2613660. Hiyo ni hataza ya Marekani ya mwaka 1952, ya Fred Bear mwenyewe, na Canada wakaitoa ya kwao mwaka uliofuata. Maneno hayo yaliendelea kuandikwa kwenye pinde mpya mwaka baada ya mwaka. Ni kama mwaka wa kuanzishwa kiwanda unaouona kwenye chupa ya bia: haukuambii bia ile imepikwa lini.

Sasa tuusome wako. Medali ipo, kwa hiyo si kabla ya 1959. Ya 1959 ilikuwa ya shaba nyekundu. Yako ni nyeupe, basi mwaka huo nao tunauacha. Pitisha kidole gumba juu yake, taratibu, ukiwa umefumba macho. Kama kidole kinateleza bila kukwama, medali imelala sawasawa na mti, ni ya mwaka 1972 kurudi nyuma. Kama kinakwama kwenye ukingo ulioinuka, ni ya 1973 kuja huku. Kwa jinsi mwanga ulivyoanguka kwenye picha yako naona imelala, lakini kidole ni shahidi bora kuliko kamera ya simu. Chini yake pameandikwa Grayling, Michigan. Bear walikuwa hapo hadi walipohamia Gainesville, Florida, mwaka 1978, kwa hiyo hilo linakubaliana na medali.

Halafu kuna kitu ambacho hakuna aliyekigusa humu: "AMO 58". AMO kilikuwa chama cha watengenezaji wa vifaa vya upinde cha Marekani, 58 ni urefu wa upinde kwa inchi, na herufi hizo zilianza kuonekana kwenye pinde nusu ya pili ya miaka ya 60. Ukiunganisha yote, upinde wa babu umetoka kiwandani kati ya hapo na 1972. Kwa hiyo kama simulizi ya familia inasema mwalimu yule aliondoka kabla ya Uhuru, simulizi na upinde havipatani. Waulize shangazi zako wakiwa bado wapo. Inawezekana walimu walikuwa wawili, na wa pili ndiye aliyeuacha.

Usisome umri kwenye upote, yaani ule uzi wa upinde. Upote unabadilishwa. Huku kwetu ziwani nimeshaona pinde za kila aina zimefungwa nailoni ya nyavu, hata pinde za asili za wazee wa Kisukuma ambazo mwanzo zilikuwa na kano za mnyama. Pinde hizo za asili hazina maandishi wala medali, na nyingi zilizo majumbani ni za enzi za sungusungu, mwanzoni mwa miaka ya 80. Umri wake unaupata kwa mwenye nyumba, si kwa upinde.

Aliyeuliza juu ya upinde wa chuma: huo ni jamii ya Apollo wa Uingereza, uliotengenezwa na Accles & Pollock, watu wa mabomba ya chuma. Mikono yake, yaani zile pande mbili zinazopinda, ina uwazi ndani. Usiuvute! Uinamishe karibu na sikio, kwanza upande mmoja kisha mwingine. Mimi nilifanya hivyo na wa kwangu nikasikia kama mchanga unamwagika ndani. Ni kutu iliyobanduka. Unyevu wa ziwa unaula kutokea ndani wakati rangi ya nje bado inang'aa, na ukikatika umevutwa, vipande vinaruka usoni. Huo tundika ukutani.

Turudi Nansio. Mkuu, umeandika kwamba ulijaribu kuufunga upote na ukaona "umepindia upande usio wake". Hapana, ndivyo ulivyo. Upinde wa aina hii usipokuwa na upote, mikono yake inalala kuelekea mbele, mbali na mpigaji, na wengi huufunga kinyume wakaupasua. Tumia kamba maalumu ya kufungia upote, usiukanyage upinde kwa mguu, maana mikono husokoteka. Upote wake ni inchi 55, tatu pungufu ya ile 58. Tafuta wa dakroni. Nyuzi za kisasa zisizonyumbuka hukata ncha za pinde za zamani. Usiuvute na kuuachia kamwe bila mshale. Na kabla ya hayo yote, tazama kingo za mikono pale faibaglasi inapokutana na mti. Ulikaa miaka mingi chini ya bati, na joto la bati linaachanisha gundi. Ukiona ufa mwembamba kama unywele unaoingia ukucha, usiuvute tena.

Kuhusu yule aliyekushauri umpelekee fundi apige msasa na vanishi mpya: nakusihi usifanye. Niliwahi kupata upinde wa Kiingereza wa mti mtupu, tumbo la rangi ya chungwa na mgongo mweupe, ncha zake za pembe. Juu kidogo ya kishikio palikuwa na muhuri uliofifia. Nilishasoma "LON" na nilikuwa nasubiri jioni nimulike kwa tochi kutokea ubavuni, maana mwanga wa kulala huinua herufi. Fundi niliyemwachia atengeneze ncha moja akadhani ananifanyia wema. Nilipoufuata ulikuwa unang'aa kama kitanda kipya, na muhuri haupo. Upinde ule bado ninao, na hadi leo sina jina la aliyeutengeneza.

Wako ufute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, basi. Ukishapitisha kidole kwenye medali, andika hapa umesikia nini.