Bei ya mnada na hela ya mkulima

SWALI: Mhariri, sisi ni wanafunzi wa chuo hapa Mtwara na tuna gazeti la ukutani. Kila msimu wa korosho tunaandika bei ya mnada, lakini wenzetu wa Newala na Tandahimba wanatuambia kwao hela hiyo haikufika. Tunakosea wapi?

JIBU: Mnachukua bei ya juu na kuiita bei ya korosho. Mnada mmoja hutoa bei kadhaa, kwani mzigo huuzwa kwa mafungu, na kila fungu lina ghala lake na ubora wake. Andikeni bei ya juu na ya chini, tani zilizouzwa, daraja, tarehe, na chama kikuu cha ushirika kilichouza: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara.

Kisha fuateni makato, maana habari yenyewe imelala hapo. Kabla hela haijamfikia mkulima, hutolewa ushuru wa halmashauri, sehemu ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) na ya chama kikuu, gharama za ghala na za usafiri. Viwango hubadilika, kwa hiyo msinakili vya mwaka jana. Mwombeni katibu wa AMCOS jedwali la makato ya msimu huu, mlilinganishe na karatasi ya malipo ya mkulima. Tuseme bei ni shilingi 3,000 na makato ni 250 kwa kilo: mwenye kilo 500 atapata 1,375,000, si 1,500,000. Hesabu ya namna hiyo, kwa takwimu halisi, ndiyo msomaji wenu anaihitaji.

Mkulima akisema hajalipwa, muulizeni mzigo wake uliingia mnada wa ngapi. Siku ya mnada si siku ya malipo: mnunuzi hulipa kwanza, ndipo hela iende kwenye akaunti za wakulima, na akaunti iliyolala au jina lisilolingana hukwamisha malipo. Ulizeni pia uzito. Korosho isiyokauka vizuri hupungua ghalani, na ugomvi wa unyaufu kati ya AMCOS na ghala huishia kwa mkulima.

Aliyeuza kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya ushirika, hamtamkuta kwenye vitabu vya AMCOS, wala bei ya mnada haimhusu. Habari yake ina uzito mkubwa, maana mara nyingi aliuza mapema kwa sababu ya njaa au ada ya mtoto. Lakini biashara hiyo imekatazwa, hivyo msimpige picha wala kutaja kijiji chake.

Mkilinganisha miaka, kumbukeni kwamba shilingi 3,300 za Novemba 2018 ilikuwa bei iliyotangazwa na Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe. Msiiweke kwenye mstari mmoja na bei za mnada.

SWALI: Ofisi moja ya umma imetuambia takwimu hazitolewi kwa wanafunzi. Tufanyeje?

JIBU: Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inampa haki hiyo raia, hata asiye na kitambulisho cha uandishi. Andikeni barua yenye jina na anwani ya mwombaji, na mtaje waraka wenyewe: “jedwali la makato ya msimu huu” linajibika, ila “taarifa za korosho” ni rahisi kukataliwa. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ofisi ina siku 30 za kujibu, kwa hiyo barua ya mambo ya Oktoba ipelekeni mapema Septemba.

SWALI: Boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, limechelewa. Tubandike majina ya waliokosa?

JIBU: Hapana. Shida ya mtu ni yake mpaka aridhie mwenyewe kuitangaza. Hesabuni waliokosa, mwaka kwa mwaka na kozi kwa kozi, kisha mwulizeni afisa mikopo wa chuo maswali matatu: hela imetumwa lini, wangapi hawajasaini, na matokeo ya nani hayajapelekwa Bodi ya Mikopo. Swali la tatu aulizwe kwa idadi na kitivo, si kwa majina.