Mzee wa miaka 78 kupasuliwa tumbo kwa matundu: niliyoyaona kwa ami yangu

Ndugu uliyeuliza kuhusu baba yako wa miaka 78 mwenye saratani ya tumbo, ambaye daktari anataka kumpasua kwa matundu: pole sana, Mungu ampe afueni. Naona wengi wamekujibu "mwache mzee, kisu hatakiweza". Mimi nimemuuguza ami yangu hapa Malindi baada ya kupasuliwa hivyo hivyo, naye kampita baba yako kwa umri.

Matundu yasikufanye udhani kazi ni ndogo. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi, kamera na vyuma vyembamba hupenyezwa, kisha tundu moja hupanuliwa kiasi cha kukitoa kilichokatwa. Ndani hukatwa kile kile: sehemu ya tumbo lenyewe, yaani ule mfuko wa chakula, au lote, pamoja na tezi za karibu. Nusukaputi ni kamili, na mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko kufungua.

Faida huja baadaye. Mzee aliyechanwa kuanzia chembe cha moyo hadi kitovuni huogopa kukohoa kwa maumivu. Makohozi yakikaa kifuani, nimonia hiyo, na wazee wengi huondoka nayo. Ami aliketishwa kesho yake tu, kakumbatia mto tumboni, muuguzi anambembeleza, "Kohoa, mzee wangu, kohoa," naye anamtukana kwa Kibajuni. Nilipomsikia anatukana roho yangu ikatulia.

Umri peke yake si hoja. Wajapani wanaifanya hii tangu 1991, na kwao saratani hii ni ya wazee hasa. Daktari wetu alishughulika zaidi na mengine: anapanda ngazi bila kuhema? Amekonda kiasi gani? Moyo na mapafu vikoje? Ile hewa husukuma mapafu juu na kuuelemea moyo, kwa hivyo si kila mzee anafaa. Na picha ya CT ikionyesha ugonjwa umeshafika kwenye ini, kulikata tumbo hakutamponya, liwe tundu au mpasuo.

Swali ambalo watu huona haya kuliuliza, wewe liulize: daktari mwenyewe ameshapasua matumbo mangapi kwa njia hii? Ya tumbo, si ya kifuko cha nyongo. Wanaotoa nyongo kwa matundu ni wengi. Tumbo ni habari nyingine. Sisi tulipewa rufaa ya Mombasa kwa sababu hiyo. Na msishtuke mkiambiwa huenda akalazimika kufungua katikati ya kazi, hilo ni la kawaida.

Msosi ndio mtihani. Ami na chai yake ya sukari tele: akiinywa tu, jasho linamtoka na moyo unamwenda mbio, maana sukari inashuka kwenye utumbo kwa kishindo. Sasa anakula kidogo kidogo mara nyingi, samaki na mayai kwanza, hamri nusu. Baba yako akitolewa tumbo lote, vitamini B12 ni ya maisha, kwa kawaida sindano.

Majibu ya CT yakitoka yaandike hapa hapa, na useme pia kama mzee bado anatembea mwenyewe hadi msikitini.