Re: UDSM ilianza 1961 au 1970?

Mkuu, umeuliza mwaka upi ni sahihi kwa kuanza kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Yote miwili, inategemea unahesabu nini.

Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kilianza na kitivo kimoja tu, Sheria, tena ndani ya jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kikaingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na 1964 kikahamia kampasi yake ya sasa, Mlimani. Chuo hicho cha Afrika Mashariki kilipovunjwa, Julai 1970 ndipo kikawa chuo kikuu cha taifa, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake wa kwanza.

Ila usiishie kwenye tarehe. Kwangu mimi mwaka wenye uzito ni 1966. Wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), wakalalamikia na mishahara minono ya wakubwa. Nyerere aliwatimua zaidi ya 300 papo hapo, halafu akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, na Mlimani ikageuka uwanja wa mijadala ya ujamaa. Mwanahistoria Walter Rodney alifundisha pale, Museveni aliyekuja kuwa Rais wa Uganda alisoma pale.

Aliyesema SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) na Muhimbili (chuo cha afya) ni "wapinzani" wa UDSM anachekesha. Vyote viwili vimetoka humo humo: SUA ilijitenga 1984, Muhimbili ikawa chuo kikuu kamili 2007.