Hesabu za miaka ishirini na zaidi ndani ya kompyuta inayokoroma

SWALI

Kaka Mhasibu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Tangu 2005 naandika hesabu zangu za nyumbani kwenye Microsoft Money, programu ambayo shemeji yangu aliniletea kwenye CD kutoka Marekani. Kila kitu kimo humo: mshahara, ada za watoto, saruji ya msingi wa nyumba, kodi ya vyumba viwili vya uani, michango ya misiba na kikoba chetu. Kompyuta ni ileile ya Windows XP. Siku hizi nikiiwasha inakoroma kama mashine ya kusaga, na juzi iligoma mpaka nikaipiga kofi ndipo ikaamka. Mwanangu anasema niitupe nipakue app kwenye simu. Jirani kanishauri ninunue Quicken, kumbe hiyo ni ya kulipia kila mwaka, tena kwa dola. Je, hesabu zangu zinahamishika, au ndiyo basi tena?

Mwalimu mstaafu, Chumbageni, Tanga

JIBU

Dada Mwalimu, kabla ya yote, acha kuipiga makofi. Ndani ya diski ngumu ya zamani kuna visahani vinavyozunguka kwa kasi, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachopita karibu mno bila kugusa. Kofi moja likikigusisha, hapo ndipo ada za watoto na saruji ya msingi zinapokwenda na maji. Mkoromo huo unaousikia unaweza kuwa wa feni tu, lakini mimi nisingesubiri kujua.

Kwa hiyo kazi ya leo jioni ni moja. Nunua flashi mpya, usiazime ya kijana wa stationery iliyojaa virusi. Tafuta faili la Money lenye mwisho wa .mny, na chelezo zake, yaani nakala za akiba, zenye .mbf. Nakili yote, kisha flashi hiyo itoke kwenye kompyuta na ikae kabatini. Hata mashine ikifa kesho, hesabu zako zitakuwa hai.

Sasa tuje kwenye programu yenyewe. Microsoft waliacha kuuza Money katikati ya 2009, na huduma zake za mtandaoni wakazifunga mapema 2011. Waungwana walifanya jambo moja jema: 2010 walitoa toleo la bure la kuagia, wakaliita Sunset, yaani machweo, lisilohitaji kuidhinishwa mtandaoni. Kwa kuwa CD yako ni ya Marekani na toleo hilo ni la Marekani, faili lako linapaswa kufunguka humo. Lakini lichukulie kama kabati la kumbukumbu. Ukitaka kujua bati ulinunua kwa shilingi ngapi mwaka 2008, fungua uangalie, kisha funga. Usianze kuandika hesabu mpya ndani ya programu ambayo mwenyewe ameshaiaga.

Mwanao na app yake simlaumu, ni ujana. Mwambie tu kwamba Wamarekani walikuwa na Mint, huduma ya bure ya mtandaoni iliyopendwa sana kwa hesabu za nyumbani, na Machi 2024 wenyewe Intuit wakaifunga. Hesabu ikikaa kwa mtu, siku akifunga duka unaambiwa uhamishe mizigo. Quicken ni programu nzuri, ila uzuri wake mkubwa ni kuvuta taarifa kutoka benki za Marekani na Kanada. Wewe pensheni yako iko hapa, kodi ya uani unapokea kwa simu au mkononi. Utakuwa unalipia bomba lisilofika kwako.

Mimi ningekupeleka GnuCash. Ni programu ya hesabu ya bure kabisa, inakaa ndani ya kompyuta yako, na inafanya kazi bila intaneti. Imekuwapo tangu miaka ya 1990 na bado watu wanaitengeneza. Sura yake si ya kupendeza, nakuonya mapema, na siku mbili za kwanza utaninung'unikia. Ugeni wake ni kwamba kila shilingi lazima iwe na pa kutoka na pa kwenda. Mpangaji akikupa 60,000, hiyo inatoka "Mapato: kodi ya uani" na kuingia "Sanduku". Ukiipeleka kikoba, inatoka "Sanduku" inaingia "Akiba: kikoba". Mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote atalizoea jambo hili kabla ya mwanae wa app.

Kuhamisha ndiko kwenye mitego, na yote mitatu ilininasa mwenyewe nilipohamisha hesabu zangu.

Money inatoa kumbukumbu kwa muundo unaoitwa QIF, akaunti moja moja. Mimi nilizitoa hivyo, nikaziingiza GnuCash hivyohivyo, leo benki, kesho sanduku, na kila ukurasa ulioniuliza kitu nikabonyeza "endelea". Sasa, kuna siku nilitoa laki nne benki nikaziweka sandukuni. Muamala huo umeandikwa kwenye faili la benki na umeandikwa tena kwenye faili la sanduku. Ukaingia mara mbili. Sanduku likaonyesha laki nane, benki ikaniambia nimekwenda chini ya sifuri, na mke wangu akapita nyuma ya kiti akauliza hizo laki nane ziko chumba gani. Dawa yake: toa akaunti zote kwanza, kisha wakati wa kuingiza pakia mafaili yote ya QIF kwa mpigo mmoja. Hapo GnuCash inaziona pande mbili za muamala na kuzioanisha. Ikikuonyesha orodha ya inayoshuku kuwa marudio, soma mstari kwa mstari.

Mtego wa pili ni tarehe. Money yako ni ya Kimarekani, kwa hiyo huenda imetanguliza mwezi. Kwenye faili lenye miamala mingi GnuCash hugundua yenyewe, maana hakuna mwezi wa 25. Ila akaunti ndogo yenye miamala michache inaweza kukosa tarehe kubwa kama hiyo, na hapo itakuuliza. Mimi nilijibu kwa haraka, ada niliyolipa tarehe 3 Aprili ikahamia tarehe 4 Machi.

Wa tatu ni sarafu. QIF haibebi jina la sarafu, inabeba tarakimu tupu. Ukiulizwa, chagua TZS. Usipochagua, ada ya laki tatu inaweza kugeuka dola laki tatu, na hapo hata kikoba chote hakitoshi.

Ukimaliza, usiamini macho. Fungua Money upande mmoja, andika kwenye karatasi salio la kila akaunti mwisho wa kila Desemba, halafu linganisha na GnuCash. Mwaka usiolingana ndio wenye kasoro, utaukamata bila kupekua yote.

Na ukiona kazi imekuelemea, kuna njia ya mkato, ambayo kwa kweli wengi wangeifuata: acha ya zamani yabaki kwenye toleo la Sunset, na GnuCash uianze tarehe 1 Januari kwa masalio ya kufungulia tu, yaani kiasi kilichomo katika kila akaunti siku hiyo. Bei ya saruji ya 2009 haihitaji kuhama ili iendelee kuwa kweli.

Pesa za simu utaziingiza kwa mkono. Taarifa nyingi za simu huja kwa PDF, na GnuCash haisomi PDF. Tenga nusu saa kila Jumapili jioni, na makato uyaandike mstari wake peke yake, utashangaa yanavyofika mwisho wa mwezi.

Kompyuta ya kuwekea si lazima iwe mpya, ila usinunue yenye Windows iliyokwisha kuachwa. Hata Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho ya kawaida Oktoba 2025, na wauzaji wa mitumba hawakwambii hilo.

Ile ya XP mwanao anaweza kuiuza chuma chakavu, lakini baada ya wewe kulinganisha masalio, na baada ya fundi kutoa diski ngumu mbele ya macho yako. Ifunge kwa kitambaa, iweke kabatini karibu na ile flashi.