Rubia imetoka kahawia badala ya nyekundu

SWALI: Nilichemsha unga wa mizizi ya rubia, mmea wa kutia rangi, pamoja na kitambaa cha marekani (pamba isiyopaushwa) kwa nusu saa. Nilitegemea nyekundu, nikapata kahawia ya udongo, na nilipokifua mara ya kwanza karibu yote ikachuja. Shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, niliweka. Je, niliuziwa unga bandia?

JIBU: Unga sidhani una tatizo. Kilichokuponza ni moto. Mizizi ya rubia ina rangi zaidi ya moja: kuna alizarini, ambayo ndiyo wekundu unaoutafuta, na kuna nyingine za manjano na kahawia zinazotoka kwa wingi maji yakipita nyuzi 70. Anza na maji baridi, yapande taratibu kwa saa nzima hadi nyuzi 60 au 65, yabaki hapo saa nyingine, kisha zima na uache kitambaa humo hadi asubuhi. Nunua kipimajoto, kukisia kwa kutazama mvuke ni kujidanganya.

Kuchuja ni jambo jingine. Sufu hushikana na shabu bila shida, lakini pamba hutaka kwanza tanini, ule ukakasi ulio kwenye maganda kama ya komamanga. Na kabla ya tanini, marekani mpya ina wanga na nta, kwa hiyo ichemshe saa mbili kwa sabuni na magadi. Ikikauka, dondoshea tone la maji: likikaa juu kama ushanga badala ya kunywewa papo hapo, rudia.

Kwa kilo moja ya kitambaa kikavu, chemsha gramu 200 za maganda makavu ya komamanga, chuja, loweka kitambaa usiku kucha. Kitapata umanjano, usijali. Kisha yeyusha gramu 150 za shabu kwa maji moto, uongeze gramu 20 za magadi kidogo kidogo, katika ndoo kubwa maana yatafura. Loweka tena usiku kucha, suuza. Unga wa rubia usipungue gramu 500.

Rubia hupenda maji yenye chokaa. Visima vya pwani vilivyochimbwa kwenye matumbawe vinafaa vilivyo; kwa maji ya mvua, tia kijiko cha maganda ya mayai yaliyosagwa. Sufuria yenye kutu iepuke kabisa, inafifisha wekundu.

Kile kilichoharibika usikitupe. Kiloweke kwenye komamanga, kisha kwenye maji yenye siki kidogo iliyolowekwa misumari ya kutu. Utapata kijivu kizuri cha mkaa, na hicho hakichuji ovyo.