Biskuti zisizookwa kwa mashine ya kukaushia: majibu kutoka Mtwara

Mleta mada, umeuliza kwa nini biskuti zako za korosho na tende zinakauka juu halafu ndani zinabaki tepetepe, wakati video umeifuata hatua kwa hatua. Niko Mtwara mjini, mashine kama yako, ya umeme ya kukaushia vyakula kwa hewa yenye joto, ninayo, na biskuti hizi ndizo wanangu wanazobeba shuleni. Mashine yako haina kosa. Tatizo ni maji: mchanganyiko wako una maji mengi, na hewa yetu ya pwani nayo imeshiba maji.

Dawa unayo jikoni na pengine unaitupa kila siku, nayo ni machicha ya nazi. Ukishakamua tui, yatandaze kwenye trei, yakaushe kwa nyuzi joto 55 hivi mpaka yakatike kama mchanga vidoleni, kisha yasage. Huo ndio unga wako. Unga wa ngano usiweke, si salama kuliwa bila kuiva. Na aliyeshauri hapo juu unga wa muhogo, hapana kabisa jamani. Sumu ya muhogo haiondoki yote kwa joto dogo la mashine hii.

Mimi natumia vikombe viwili vya unga wa machicha, kikombe cha korosho zilizobanguliwa na kulowekwa saa mbili tatu, kikombe cha tende zilizotolewa kokwa, ndizi kisukari moja iliyoiva sana, ufuta, hiliki na chumvi kidogo. Korosho zichuje vizuri. Tende ukiziloweka, maji yake kunywa, usiyamimine kwenye blenda hata kama inalalamika. Izime, koroga kwa mwiko, washa tena. Donge liwe la kufinyangika bila kunata sana mkononi. Likinata, ongeza machicha.

Lisukume liwe na unene wa nusu sentimita, usizidishe. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, maana biskuti nene inafunga ngozi juu na maji ya ndani yanakosa pa kutokea. Anza na nyuzi 60 kwa saa moja, kisha shusha hadi 46 au 48. Wale wanaokula vyakula vibichi tu, wasiotaka joto kubwa, wataguna kusikia 60, lakini saa ile ya kwanza biskuti bado inatoa maji mengi na yenyewe haifikii joto la hewa ya mashine. Ukianza na joto dogo kwenye unyevunyevu huu, donge linaweza kuchacha kabla ya kukauka. Halafu tusidanganyane: korosho ya dukani ilishapita kwenye mvuke au moto ili ibanguliwe, kwa sababu mafuta ya ganda lake yanababua ngozi. Ubichi wa asilimia mia haupo hapo.

Baada ya saa tano au sita zigeuze, toa karatasi uliyozitandikia chini, ziache juu ya wavu mtupu. Kwa jumla huchukua saa 10 hadi 16. Usiamini saa, vunja moja. Katikati ukiona mstari mweusi unaong'aa, rudisha. Ukiona rangi moja kutoka juu hadi chini na inavunjika kwa sauti, toa. Ila jaribu ikiwa imepoa, kwa sababu ikiwa bado ya moto hulegea hata kama imekauka.

Umeme: mashine ya wati 400 ikifanya kazi saa 12 mfululizo ni karibu yuniti 5 za LUKU (umeme wa kulipia kabla), kwa hiyo jaza trei zote, usiwashe kwa biskuti sita. Ukikatika usiku na donge bado bichi, usisubiri hadi asubuhi. Weka kwenye friji, na kama friji nayo haina ubaridi tena, zikaange kwenye kikaango kikavu mle siku hiyo hiyo.

Zikipoa tu, ziingie kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zikiwepo, ukiziacha mezani usiku mmoja zinalainika; zirudishe kwenye mashine saa moja au mbili. Ukisikia harufu ya mafuta yaliyokaa, tupa, hayo ni mafuta ya nazi au korosho yameharibika. Mimi sizidishi wiki mbili, na za ziada nazigandisha.

Tende zikipanda bei, mabibo (matunda ya mkorosho) makavu yanafaa badala yake, ila yakate vipande vidogo sana, yana nyuzinyuzi.